Muulizeni Mwenyewe

Kwenye msiba wa shangazi yangu Skolastika, kila aliyesimama kutoa neno alisema jambo lilelile: mama huyu hakuwahi kusema uongo. Katekista alisema, mwenyekiti wa mtaa akasema, mama wa jumuiya akasema, hadi kijana aliyeleta maturubai naye akapewa kipaza sauti akasema. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzangu, khanga kiunoni, macho yamevimba, nikawa najibu moyoni: kweli, hakusema uongo, na sisi tunajua ukweli wake ulimfikisha mtu wapi. Nilipogeuka kutazama kule nyuma ya nyumba walikokuwa wanapika, nikamwona Resti. Alikuwa ameshika mwiko mkubwa anasonga ugali wa msibani, jasho linamtiririka, hasikilizi hotuba wala nini. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Nilijua siwezi kurudi kwangu Tabora bila kukaa naye, na nilijua pia kwamba naogopa.

Mwaka ninaousimulia ni ule niliokaa Shanwe, hapo Mpanda, kwa shangazi baada ya kumaliza shule, nikisubiri majibu ambayo hayakuwa na haraka ya kuja. Wakati huo Katavi lilikuwa jina la mbuga tu, sisi tulihesabiwa mkoa wa Rukwa, na mtu akitaka kwenda Tabora alipanda treni na chakula chake cha njiani na subira zake. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule ina viti vya mninga vyenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, ukutani picha ya Moyo Mtakatifu, na kati ya sebule na korido pazia la maua ya bluu ambalo nililijua kuliko mtu yeyote, maana nyuma ya hilo pazia ndipo nilipopatia elimu yangu. Kusikiliza nyuma ya pazia ni dhambi, najua. Niliiungama kila mara, na nikitoka kitubioni naianza upya. Jiko lilikuwa nje, la udongo, na jioni tulikula humohumo tumekalia vigoda, ugali na migebuka mikavu ya kutoka ziwani, au kisamvu cha karanga, moshi unatupofusha na mdomo wa shangazi haupumziki.

Shangazi alikuwa mjane, na alifundisha mafundisho ya komunyo ya kwanza. Watoto wa mtaa mzima walipita sebuleni kwake Jumamosi, wakakaa sakafuni, wakafundishwa kwamba ndiyo ni ndiyo na hapana ni hapana, na kinachozidi hapo kina mwenyewe, naye si Mungu. Aliyaishi hayo bila aibu. Mwanamke akileta kichanga kutazamwa, wengine wote wakisema "Jamani, mzuri huyo!", shangazi alisema, "Sura hana, ila afya anayo, mshukuru Mungu." Katekista alimwambia mbele za watu kwamba mahubiri yake yana mwanzo mzuri na ubaya wake ni kwamba hayana mwisho. Watu walikasirika siku moja, ya pili wakacheka, na ya tatu wakaja kumwomba ushauri. Mzee Masanja, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu sisi Wafipa, na alikuwa akimwona tu anapaza sauti: "Mfipa huyu akifa tutamzika ulimi ukiwa nje, jeneza halitafunga!" Shangazi anamjibu bila kusimama, "Na wewe tutakuzika na jembe mkononi, mtani, angalau huko ukajifunze kazi." Mtaa ulikuwa na furaha, sisemi uongo.

Kwetu kulikuwa na desturi, na bado ipo ingawa siku hizi watu wanaifanya kwa simu. Kijana akishaonyesha binti anayemtaka, wazee wake hawaanzi kwa wazazi wa binti. Wanaanza kwa jirani. Wanakuja kama wapita njia, wanaomba maji, wanasifu mahindi yako, halafu mmoja anakohoa anasema, "Hivi hapo jirani, mtu akitafuta mbegu atapata?" Jirani mwenye akili anaelewa. Kama binti ni mzuri anasema, "Hapo mmefika," basi, wanakunywa chai wanacheka. Kama kuna neno, labda kifafa, labda mkono mwepesi, labda mtoto aliyefichwa kwa bibi, jirani halitaji, maana nani anataka ugomvi na mtu mnayechota naye maji kisima kimoja? Anatazama pembeni anasema, "Mh, muulizeni mwenyewe." Wageni wanaaga kwa adabu wakatafute mbegu kwingine. Maneno hayo mawili yamefunga milango mingi Mpanda kuliko kufuli. Shangazi hakuwahi kuyatumia. Akiulizwa alijibu waziwazi: "Huyu mvivu, lakini ana huruma, kama kwenu kuna punda wa kubeba maji, mchukueni." Kwa sababu hiyo watu walitoka mbali kuja kuulizia kwake, na neno lake lilikuwa limeoza na kuozesha mabinti wengi, nikimaanisha kwa ndoa.

Sasa mwaka ule, mwanzo wa Kwaresima, padri alikuja kigangoni akahubiri juu ya ulimi. Alisema kumsema mtu asiyekuwepo ni kama kumfunua shuka amelala. Mimi nilikuwa nahesabu mbao za dari, lakini shangazi alilia. Jumuiya ilipokutana, kila mtu akitaja atakachojinyima, mmoja pombe, mwingine sukari, shangazi alisimama akasema, "Mimi kuanzia leo simsemi mtu asiyekuwepo. Si kwa ubaya, si kwa uzuri. Maana nimejichunguza, nikaona hata nikimsifu mtu najifanya hakimu wake." Watu walinong'ona kwamba hafiki Jumapili. Alifika. Nyumba ikawa kimya hadi nikasikia panya wakitembea darini. Jikoni nikianza, "Shangazi, umemsikia mke wa...", ananikata: "Yupo hapa? Hayupo. Sema ya kwako." Ya kwangu nilikuwa nayo wapi, msichana wa kufua na kupepeta? Nilikonda kwa kukosa habari. Pasaka ikaja, nikapika wali na kuku nikidhani tumefunguliwa. Shangazi akala, akafuta mdomo, akasema amani aliyoipata ni kubwa, hairudishi. Mzee Masanja akasema Shanwe yote itakufa njaa.

Resti alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na mama yake. Jina lake kamili Restituta. Alikuwa rafiki yangu wa kusukana nywele na kusemana, mrefu, mcheshi, mwimbaji wa sauti ya pili asiyekosa mazoezi. Shangazi alimfundisha tangu akiwa hajui kujifunga kamba za viatu, na hata ukubwani aliendelea kumwita "mwalimu." Alikuwa amependana na Gaspari, fundi seremala wa Kabungu, kijana mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Gaspari alikuwa ameshaanza kuchonga kitanda. Cha mninga, Resti aliniambia, chenye maua kichwani, na aliniambia huku amejificha uso kwa khanga kwa aibu na furaha. Nani asiyejua habari ya namna hiyo? Mama yake alijua, kwaya ilijua. Ilibaki wazee wa Kabungu waje kuulizia, jambo lisilomtia mtu yeyote hofu, kwa sababu Resti hakuwa na doa. Narudia, maana baadaye yalisemwa mengi: hakuwa na kifafa, hakuwa na mtoto, hakuwa na chochote.

Walikuja kiangazi, mavuno yamekwisha. Alikuja baba mdogo wa Gaspari, Mzee Leonadi, na mama yake mkubwa, mama mmoja mnene wa maneno machache. Shangazi akawakaribisha sebuleni, mimi nikapeleka chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, nikarudi zangu mahali pangu nyuma ya pazia, nacheka peke yangu.

"Mama," Mzee Leonadi alianza, "tumetoka Kabungu kwa ajili ya jina lako. Tumesema tukisikia kwa mwingine ni kelele, tukisikia kwako ni habari."

"Karibuni sana. Vipi huko, mmevuna?"

"Tumevuna, tunamshukuru Mungu. Sasa mama, kijana wetu ameona mbegu hapo jirani, kwa Mama Resti. Sisi wageni. Tunaomba utushike mkono."

Nilikuwa nimeshika pazia, midomo yangu inasema bila sauti: Hapo mmefika, hapo mmefika. Sema, shangazi.

"Wazee wangu," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole ile aliyoipata kwenye Kwaresima, "mimi nimeweka nadhiri. Simsemi mtu asiyekuwepo."

"Hata neno moja, mama?"

"Hata moja. Mkinipenda msinivunjie. Binti yupo, ana mdomo wake na akili zake. Muulizeni mwenyewe."

Nilisikia yule mama mkubwa anavuta pumzi. "Yesu wangu," alisema polepole. Mzee Leonadi akakohoa. "Basi, mama. Tumekuelewa. Tunakushukuru kwa heshima yako." Wakaaga. Shangazi akawasindikiza hadi uani, akarudi uso unang'aa, kabisa, akaniambia, "Umeona, Gaudi? Mtu akiamua, inawezekana. Na wameelewa vizuri."

"Shangazi, wameelewa nini?"

"Wameelewa nadhiri yangu."

"Shangazi, umewaambia muulizeni mwenyewe."

Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali la kijinga. Halafu nikaona likimwingia. Lilimwingia taratibu, kuanzia machoni, likashuka mpaka mikono ikaanza kutafuta mahali pa kushika. "Lakini mimi sikusema vile wanavyosema watu," alisema. "Mimi nimesema wamuulize. Nilikuwa na maana wamuulize." Haya, na hapo ndipo penye kosa ambalo hata leo likinijia nikiwa natwanga nasimamisha mchi. Mwanamke yule alikuwa hasemi kwa mafumbo, kwa hiyo hakukumbuka kwamba wenzake wote wanasema kwa mafumbo. Na wao, kwa kuwa walimjua ni mtu asiyeogopa kutaja kifafa wala wizi, walihesabu hivi: kama hata Skola ameshindwa kulitamka, basi hilo jambo ni kubwa kupita kifafa. Shangazi alitoka mbio miguu mitupu hadi barabarani. Walikuwa wameshapata lifti ya lori la mbao. Alibaki amesimama kwenye vumbi, Mzee Masanja akamtania kutoka kwenye cherehani yake, naye kwa mara ya kwanza hakumjibu.

Jioni ileile alikwenda mwenyewe kwa Mama Resti kueleza. Hakusubiri ifike kwa njia nyingine, sifa hiyo mpeni. Mama Resti alikuwa anachambua maharage. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Dada Skola, umenimaliza," akaendelea kuchambua, mazima na mabovu anayatia pamoja. Resti alikuwa mlangoni. Hakulia wakati ule. Aliuliza, "Mwalimu, neno moja tu lilikushinda?" Shangazi akasema, "Nilidhani natenda mema, mwanangu." Resti akasema, "Kwa nani?" Mimi nilitazama chini, kwa sababu lilikuwa swali zuri na nilitaka sana mtu mzima alijibu.

Kabungu hawakutukana mtu, wao wakatuma salamu kwamba kijana bado anajipanga. Anajipanga na nini, na kitanda kimebaki kupigwa msasa? Ndipo maneno yakaanza kuota. Kwanza ilikuwa kifafa. Baadaye akawa na mtoto Sumbawanga. Baadaye ikawa damu yake ina kitu, na hilo likishasemwa mtu huwezi kulisafisha, hata ukileta cheti chenye mihuri watasema kimenunuliwa. Kisimani wanawake walianza kumpa Resti nafasi kubwa kuliko alivyohitaji. Kwenye kwaya waliokuwa wanashea naye kitabu wakawa wanakuja na vitabu vyao. Shangazi akaona isiwe tabu, nadhiri akaivunja. Alivunja kwa kishindo, akasimama baada ya misa akatangaza kwamba binti yule ni msafi, hana ugonjwa, hana mtoto, kosa ni la mdomo wake yeye. Nikasikia mwanamke nyuma yangu anamnong'oneza mwenzake, "Mh! Kama hakuna kitu, mbona anatetewa hivyo?" Niligeuka nikamwambia funga bakuli lako. Shangazi alinikemea kwa kugombana kanisani, na tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu hadi giza likaingia sebuleni.

Alisema twende Kabungu. Tukapanda lori, tumekalia magunia, shangazi amevaa kitenge chake cha Jumapili na rozari mkononi. Walitupokea vizuri, na uzuri wao ndio ulionikatisha tamaa. Walitupa mahindi ya kuchoma na karanga, wakamkalisha shangazi kwenye kiti chenye mto. Akaeleza yote, kuanzia mahubiri ya padri, nadhiri, Pasaka, mpaka siku ile. Mzee Leonadi akawa anatikisa kichwa kwa heshima. "Tumekuelewa, mama," alisema. "Lakini Kwaresima ilikuwa imeshakwisha tulipokuja."

"Ilikwisha, mzee. Mimi nikaendelea."

"Ukaendelea." Akamtazama yule mama mkubwa. Yule mama akamwaga maganda ya karanga kwenye ungo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Mama yake Resti ndiye aliyekutuma?"

"Hajanituma. Hajui hata kama nimekuja."

"Basi unampenda sana huyo binti."

"Nampenda. Nimemlea kwa mafundisho."

"Ndiyo hivyo," alisema yule mama, kwa huruma kabisa. "Hata mimi mtoto wangu ningemfichia."

Maisha yake yote neno la shangazi lilikuwa fedha halali kila mahali, na siku ya kulihitaji kuliko siku zote likakataliwa mbele ya macho yake, tena na watu waliokuwa wanamwamkia kwa kupiga magoti. Angeapa, wangesema anaapa kwa ajili ya mtoto wa jirani. Angelia, wangesema ni huruma. Kule nje Gaspari alikuwa amekaa kwenye benchi lake la kazi, hafanyi kitu. Nilimfuata, nikamwambia, "Wewe unamjua Resti. Hata kama wote hawaamini, wewe unajua." Akasema, "Najua, dada. Lakini nikioa wazee wamekataa, nani atasimama na mimi nikipata shida?" Nikamwambia nenda zako. Nilikuwa na hasira naye kwa miaka, na nimekuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, ingawa hasira yenyewe imebaki. Alioa kwingine kabla mvua hazijaanza, na mwanamke aliyemwoa hana kosa lolote.

Katekista alitaka mambo yaishe kwa amani. Aliitisha sala ya jumuiya nyumbani kwa Mama Resti, tukabanana katika chumba kile kidogo, mikeka imeunganishwa, harufu ya mafuta ya taa na ya mandazi yaliyofunikwa pembeni kwa ajili ya baadaye. Tuliposali sala ile ambayo kila Mkristo anaijua, nilisikia pale penye kuomba tusamehewe kama tunavyosamehe, sauti ya pili imekatika. Nikajua ni Resti amenyamaza. Sala ilipokwisha katekista akasema shangazi aombe msamaha. Shangazi akapiga magoti, mtu mzima yule, mbele ya watoto wengine aliowafundisha. Mama Resti akamwinua haraka, akasema, "Nimekusamehe, dada, yamekwisha, yamekwisha," haraka kama mtu anayefunika chungu kinachotaka kufurika. Watu wakapiga makofi. Katekista akamgeukia Resti.

"Na wewe, binti yangu?"

"Mimi bado, katekista."

"Mwanangu," alisema katekista, "sisi tunasali nini kila siku?"

"Ndiyo maana leo mahali hapo nimenyamaza. Nikisema nimesamehe nitakuwa nimedanganya, na mwalimu alitufundisha tusidanganye. Nikiweza, nitasema."

Katekista alianza kumkemea, na baadhi ya wanawake wakaguna. Ni shangazi aliyesema, "Mwacheni. Amesema kweli." Alisema akiwa bado ameshika mkono wa Mama Resti, na kama kuna siku nimewahi kuona mtu anapigwa na fimbo aliyoichonga mwenyewe, akaisifu kwamba imenyooka, ni siku ile. Mandazi hayakuliwa.

Baadaye padri alimwambia nia yake ilikuwa njema na Mungu anatazama nia. Shangazi aliniambia hilo tukiwa jikoni, akageuza kijinga motoni, akasema, "Nia yangu haimrudishii Resti kitu." Nami nimelea watoto wanne kwa mafundisho yaleyale. Nimewafundisha wasiseme uongo. Nimewafundisha wasisengenye. Kila nikifika hapo nasita, nawaambia, "Lakini mwangalie na mtu aliye mbele yenu atasikia nini," wao wanadhani mama amechanganyikiwa. Ni mama gani anafundisha amri halafu anaweka lakini? Na ningeondoa lile lakini, ningekuwa kama sikuishi Shanwe. Kabla ya Krismasi Resti aliondoka kwenda Sitalike kwa mjomba wake, akaanza kupika kwenye mgahawa wa barabarani, wateja wake wafanyakazi wa mbuga na wasafiri. Aliniaga kwa kunisuka. Majibu yangu yakaja, nikaenda Tabora kusoma ualimu, na mwaka ukaishia hapo.

Basi siku ya msiba, hotuba zilipokuwa zinaendelea, nilinyanyuka nikaenda kule jikoni. Resti amenenepa, ana mvi mbele, na mgahawa sasa ni wa kwake. Ana mtoto mmoja mkubwa, ndoa hakufunga. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukacheka kidogo jinsi tulivyozeeka, akanipa kisu nikate nyanya. Nilizunguka weee kabla ya kuuliza. Mwishowe nikasema, "Resti, mlipatana na shangazi?"

"Alikuwa anakuja, hujui?" alisema. "Kila baada ya mavuno. Anashuka pale Sitalike, anaagiza chai, ananisubiri nimalize wateja. Halafu ananiuliza, 'Vipi, mwanangu?' Namwambia, 'Bado, mwalimu.' Anasema, 'Haya, nitakuja tena.' Anapanda gari anarudi. Nyie mlikuwa hamjui? Hakuwaambia?"

"Hakutuambia."

"Mwaka jana aliletwa. Alikuwa hawezi kutembea vizuri, kikombe anakishika kwa mikono miwili. Nikamwangalia, nikasema huyu hafiki mavuno mengine. Akaniuliza, 'Vipi, mwanangu?' Nikamwambia, 'Mwalimu, nimekusamehe.'"

"Na ulikuwa umemsamehe?"

"Hapana." Aliinama akapunguza moto. "Nilimwonea huruma tu. Huruma na msamaha si kitu kimoja, yeye ndiye aliyetufundisha."

"Alijua?"

"Gaudi! Yule mtu aliyekuwa anamjua mtoto mwongo kabla hajafungua mdomo? Alinitazama, akanitazama. Nikasubiri aseme, Resti, usidanganye. Nilikuwa naogopa kama mtoto wa komunyo."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Asante, mama.' Basi. Aliupokea uongo wangu, akaniita mama." Resti alijifuta uso na ncha ya khanga, sijui ni moshi sijui ni nini. Kule mbele mtu mwingine alikuwa ameshika kipaza sauti. "Alipoondoka ndipo nilipoanza kumsamehe, Gaudi. Kweli kabisa. Kidogo kidogo, kila siku kidogo. Nikasema akija baada ya mavuno nitamwambia, mwalimu, ile ya mwaka jana ilikuwa uongo, ila sasa ni kweli. Nilikuwa nimeshaipanga namna ya kuisema."

Nilitaka kusema anakusikia alipo, kama tunavyoambiana misibani, lakini nilimwona anavyoniangalia na sikuthubutu kusema kitu nisichokijua. Ugali ulikuwa umeiva. Nilishika sikio moja la sufuria kwa khanga yangu, yeye akashika la pili, tukaipua.